Nyanya Yako Alisimama Mstari wa Wandera

Mjukuu wangu Nekesa,

Nairobi inasemaje? Sisi huku Lunyo tuko. Nyanya yako ametoka hospitali, magoti yamepona, leo ametembea mpaka sokoni akinitukana njia yote. Roho yangu imetulia. Shangazi yako Auma ndiye anaandika, mimi nasema tu.

Unauliza kama kweli nyanya yako alininyima kura. Kweli. Nilikuwa nagombea uenyekiti wa kijiji na jirani yetu Wandera. Siku hizo watu walipanga mstari nyuma ya mtu wao, hakuna kujificha. Mimi nilikuwa kijana mzuri, hata ng'ombe walikuwa wananigeukia. Lakini mistari ikatoshana. Halafu nyanya yako akafika na jembe, wa mwisho kabisa. Nikaanza kucheka, ushindi ni wangu. Akanipita, akasimama kwa Wandera.

Nilirudi nyumbani nikiogopa kwamba mke amenichoka. Nikakuta amechinja kuku, na firigisi, ile ya mwenye nyumba, ameniwekea mimi.

"Kula, Baba Auma," akasema. "Wandera akishindwa atahama kijiji. Wewe ukishindwa utapata hadithi."

Nikala. Wandera akawa mwenyekiti, lakini nani anamwandikia kumuuliza?

Mimi babu yako, niliyeshindwa vizuri kuliko wote