Wifi Kaniulia Hamira

Shoga uko wapi? Nina hasira, vidole bado vina unga.

Tulikuwa kwa mama mkwe tunakanda unga wa piza wa haraka haraka. Nageuka kuchukua chumvi, namwona wifi kwenye kioo cha kabati anamwagia hamira yangu maji yanayochemka. YANAYOCHEMKA!

Nikajifanya sijaona, nikakanda hivyo hivyo; hamira ishakufa, unga ukagoma kuumuka. Wifi akasema mbele ya wote, "Mikono mingine haina baraka." Haina baraka! Mimi! Na mume wangu akacheka. Akacheka, shoga.

Nikakanda mwingine kwa hamira mpya na maji ya uvuguvugu, nikaufunika karibu na jiko. Ukaumuka kama mashavu ya wifi.

Mezani wote wakala piza laini. Wifi nikampa ya ule unga uliogoma. Akatafuna, akatafuna. Mama mkwe akamuuliza, "Mbona wewe humezi?"

Nikamjibia. "Yake ni ya ile hamira aliyoimwagia maji ya moto, mama. Nilimwona."

Taya la wifi likasimama.

Kilichobaki, kigumu kama soli, nimeshakifunga vizuri. Ndiyo chakula cha mume wangu kazini kesho. Acheke nacho.