Tumbo la Mashavu

Jumatano, 16 Juni 1954

Mashavu ana mimba! Ana mimba, ana mimba! Hata sijanawa mikono, udongo wa shamba la pamba uko bado kwenye kucha, lakini kaye hii, daftari langu, lazima ijue kwanza. Mbuzi wangu, niliyemlea kwa maganda ya muhogo na chumvi ya kiganja changu, leo tumbo limekuwa duara kama ngoma. Mashavu meupe vile, mwendo wa pole vile — nani mwingine hapa Kabambare ana mbuzi wa namna hii? Hakuna.

Sasa nieleze vizuri, maana Gérard aliponipa kaye alisema: mama, andika kwa utaratibu. Gérard ni mwanangu wa kwanza. Moniteri kwenye misioni ya Kasongo! Anafundisha kalase ya pili, suruali yake imenyooka kama rula. Na anaoa. Julienne wa Lusangi, binti ya Mama Cécilia. Mambo ya mahari wanaume wameshamaliza. Imebaki mbuzi ya mama, na hiyo ni yangu mimi. Mama wa kijana anampa mama wa binti mbuzi jike, aliyezaliwa katika uwanja wake mwenyewe, si wa kununua, naye awe na mimba yake ya kwanza. Ndivyo kwetu. Mbuzi akifika mtupu, watu husema na nyumba itakuwa tupu.

Nimemwambia jirani yangu Aziza. Nimewaambia wanawake wote kisimani. Michel, mshenga wetu, alikuwa anapita na kinga, baiskeli yake, kurudi Lusangi, nikamsimamisha katikati ya njia mpaka mnyororo ukatoka. Kamwambie Mama Cécilia, mbuzi yuko tayari!

Alhamisi, 17 Juni

Baba Gérard anaharibu furaha yangu. Amemzunguka Mashavu mara mbili, kiko mdomoni. Kisha anauliza: dume lilikuwa lipi? Nikasema lile la Amuri, mume wa Aziza, lililotoka Nyangwe. Pasaka walikuwa pamoja nyuma ya nyumba, kila mtu aliona. Yeye anasema alichoona yeye ni Mashavu akikimbia.

— Hata mimi nilikukimbia, mume wangu Heri, na Gérard si yule?

Alicheka mpaka kiko kikaanguka.

Lakini neno lake limenibaki kichwani. Kwa sababu dume lenyewe halipo tena. Amuri alilichinja siku ya Idi, na sisi tulitumiwa paja. Tamu sana. Nilinyonya hata mifupa. Sasa hakuna mara ya pili.

Jumamosi, 19 Juni

Aibu. Naandika kwa herufi ndogo.

Asubuhi nikainua kapu la pamba kulipeleka barazani, maana soko la pamba ni Jumatatu. Jepesi! Nikaligeuza. Nyuma kuna tundu, na tundu lenyewe ni sawasawa na kichwa cha mbuzi. Mashavu amekula pamba yetu. Pamba na mbegu zake, siku ngapi sijui. Ndiyo ile ngoma!

Alikuwa amelala ubavu, anaguna. Aziza alikuja mbio, tukamsimamisha, tukamkanda ubavu wa kushoto, mimi namwomba Bikira Maria, yeye anaomba kwa namna yao, mpaka Mashavu akatoa mbeuo mmoja mrefu wa kumzimisha mtu. Akaanza kucheua. Aziza akaketi chini akishika mbavu.

— Mama Gérard! Ulitangaza mimba ya pamba!

Nilicheka naye. Ningefanya nini? Baba Gérard hakucheka. Alitoa nyuzi za pamba kwenye ndevu za Mashavu, moja moja, akaniwekea mkononi, akaenda zake. Na kapita, msimamizi wa pamba, atakuja kuuliza kapu limepungukaje. Yule mtu haamini hata mvua ikimlowesha.

Na Michel amekwisha kufika Lusangi na habari yangu.

Jumatano, 23 Juni

Tumbo limeshuka. Lakini si lote! Aziza anasema kushoto ni nyumba ya chakula, kulia chini ni nyumba ya mtoto. Nimegusa kulia chini. Kuna kitu. Au ninapenda kiwepo, sijui.

Aziza ananifundisha: mbuzi mtupu, kila wiki tatu anapiga kelele, mkia unatikisika, majani hayataki. Tangu Pasaka ulimsikia hata mara moja? Nikamwambia tangu Pasaka mimi nilikuwa shambani toka jua kuchomoza. Bulamatari, serikali ya Wazungu, anataka pamba, hana haja ya kujua mbuzi wa mtu analia saa ngapi.

Basi naanza leo. Kila siku alama moja ya mkaa nyuma ya mlango.

Jumapili, 4 Julai

Baada ya misa wanawake sita wamekuja kutazama. Habari ya pamba imewafikia, bila shaka. Mmoja anabinya hapa, mwingine anabinya kule, kama wanachagua ndizi. Albertine, mke wa katekista, akasema dawa ya ubishi ni kukamua chuchu kidogo: kikitoka kitu kizito kama asali, mtoto yupo. Yakitoka maji, hakuna. Mkono wake ulikuwa tayari chini. Aziza akaupiga kofi.

— We! Unafungua mulango mbele ya saa? Maziwa itaharibika. Mutoto atanyonya nini, hiyo rozari yako?

Wakacheka wote. Mashavu alisimama tu, kichwa chini, miguu ya nyuma inatetemeka. Nikawafukuza. Hata kahawa sikuwapa. Baadaye nikalia jikoni, na Baba Gérard alidhani ni moshi.

Hili sijaliandika popote, nitaliandika hapa. Miaka ishirini na sita iliyopita, mama mkwe wangu alimpa mama yangu mbuzi, akaapa ana mimba. Haikuwepo. Alijua haikuwepo. Na mimi nikakaa miaka minne bila mtoto. Nilipokwenda kisimani macho yote yalikuwa hapa, chini ya kitovu. Mbuzi yake ilikuwa tupu, walisema, na mimi nipo, mtungi kichwani, nasikia. Halafu Gérard akaja, kichwa kikubwa kama chungu cha pombe, na wawili nyuma yake, nao wakasahau mara moja. Mimi sikusahau.

Julienne ana miaka kumi na minane. Akicheka anafunika mdomo.

Jumatano, 14 Julai

Alama ishirini na moja mlangoni, ya leo bado. Jana Mashavu alilia nusu ya siku! Nikakimbia kutoka mtoni na nguo mbichi begani — kumbe kamba imejifunga mguuni. Hicho ni kilio cha kamba, si cha kutaka dume. Mkia haukutikisika. Aziza anasema ulitikisika kidogo. Nikamwambia ni nzi. Akasema haya, ni nzi.

Chuchu zimevimba? Nadhani zimevimba. Baba Gérard anasema mbuzi kijana anakua tu, hata wewe ulikuwa unakua. Mzee huyu!

Ijumaa, 16 Julai

Gérard amefika! Ameshuka kwenye kamyo ya pamba, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, na bado ni mzuri kuliko vijana wote wa barabara hii. Watu walitoka nje: Moniteri, Moniteri! Mimi nilitembea nyuma yake polepole ili tuonekane vizuri.

Tulipokaa nikamweleza yote, na pamba pia. Akafikiri, akasafisha miwani. Akasema: mama, tuseme tu ana mimba. Mpaka waje kujua, harusi imepita.

Hayo ndiyo maneno. Neno kwa neno, ni ya bibi yake.

Nikamweka chini nikamsimulia miaka ile minne. Hakuwa anajua. Moniteri wangu alikaa kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Halafu akasema taratibu:

— Kwa hiyo ni mimi niliyechelewa.

— Ulikuwa unapiga pasi suruali, nikamwambia.

Tulicheka, kisha hatukucheka. Akauliza, na ikiwa mbuzi ni mtupu? Wajomba wa Julienne ni watu wa mila, watasema tusubiri kiangazi kingine. Mwaka mzima! Nikaona anaumia. Anampenda yule msichana, mwanangu. Nikasema sijui, baba.

Jumatatu, 19 Julai

Michel amekuja kutoka Lusangi. Hakunywa hata maji. Mama Cécilia anauliza: mimba ina miezi mingapi?

Jibu nilikuwa nalo. Miezi mitatu kamili, tangu Pasaka! Lilikuwa tamu ulimini, na nilikuwa nimelipamba siku nyingi. Gérard alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

Nikasema: sijui.

Michel akaweka mkono nyuma ya sikio.

— Mama Gérard? Wewe? Haujui?

— Sijui. Kamwambie hivi. Siku ile nilipokuita njiani, ndani kulikuwa pamba. Hiyo iliisha. Kama mutoto iko, sijui. Mbuzi nimemulea mimi, kwa mukono wangu, na ni yake. Na kama iko tupu, ni mbuzi ndiyo iko tupu, si Julienne. Mutu atakayemutazama Julienne tumbo sababu ya hiyo mbuzi, aanze kunitazama mimi.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Michel akapanda kinga, akaenda. Baba Gérard, ambaye mama yake ndiye aliyetoa ile mbuzi tupu, alikuwa anasikia nyuma ya ukuta. Alitoka, akachukua jembe, akarudisha jembe. Akasema: Marie-Thérèse. Basi, jina langu tu. Miaka mingi hajaniita hivyo mchana.

Alhamisi, 22 Julai

Michel amerudi leo, amechoka, miguu vumbi mpaka magotini. Anasema Mama Cécilia alimsikiliza, akamwambia arudie tangu mwanzo, pamba na yote, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema: yule mama aliyejua kila kitu alikuwa ananitia hofu juu ya binti yangu. Huyu asiyejua, nitakuja kumwona.

Na mbuzi? nikamwuliza. Akikuta ni mtupu? Michel anasema hapo hakujibu. Wajomba ndio wamejibu, tena kwa sauti: mila ni mila. Mama Cécilia atamshika Mashavu kwa mkono wake mwenyewe, mbele yao wote, na atakachosema ndicho.

Gérard hali chakula. Anapiga pasi shati ambalo limekwisha kupigwa pasi.

Leo asubuhi, kabla hajala, nilimnywesha Mashavu maji ya baridi kama Aziza alivyonifundisha. Nikapiga goti. Nikaweka kiganja kulia, chini kabisa, bila kubinya. Nikangoja. Maji yakashuka, nikayasikia. Halafu kitu kikapita chini ya kiganja changu. Mara moja tu. Kama mtu anayejigeuza chini ya shuka. Nikangoja tena mpaka mkono ukafa ganzi. Hakikurudi.

Yawezekana ni utumbo. Sijamwambia Aziza. Sijamwambia Gérard, na anavyoteseka! Sijamwambia hata Baba Gérard. Mimi! Neno limejaa kinywani, nami nimekaa nalo, napepeta mchele.

Kuku wawili wamefungwa. Uwanja umefagiwa. Wanakuja wote, Mama Cécilia, wajomba watatu, Julienne mwenyewe, na Michel mbele yao. Jumapili, tarehe 25 Julai.