Matusi Yangu Ndani ya Wimbo wa Kasanda

Ipuli, Tabora

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Itikia hata kama umenuna. Goti linasemaje? Na yule jogoo wako anayedonoa wageni, bado hajaingia chunguni? Mimi mzima kwa uzima wa kizee: mgongo unauma, macho yanatoa machozi bila ruhusa yangu, na nimechoka, dada, uchovu ambao hata nikilala hautoki. Ningepiga simu, lakini kwenye simu unaongea peke yako. Kwenye karatasi huna pa kunikatizia.

Unamkumbuka mtani wangu Kasanda, yule Mnyamwezi aliyelala mlangoni kwetu Bagamoyo siku ya msiba wa baba, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku? Sasa kifua kimemwisha. Daktari kamkataza kuimba. Naye kwa ubishi wake akasema ataimba mara moja ya mwisho, arekodiwe, wajukuu wabaki na ule wimbo wa wapagazi aliofundishwa na babu yake.

Mimi na wanawe tukampeleka kwa Neema, binti wa Igalula anayerekodi kwaya hapa mtaani. Chumba chake kimebandikwa magodoro ukutani, ungedhani wanalala wamesimama. Huo wimbo, anayeongoza huanza chini sana, kama anayeamsha wenzake bila kuamsha watoto, halafu wenzake wanaitikia kwa kishindo na ngoma. Kasanda akawekewa maikrofoni yake, wanawe wa kuitikia na kupiga ngoma wakawekewa yao, mimi nikakaa nyuma ya mzee kumshikilia mgongo. Aliimba mpaka mwisho. Alipomaliza akaegemea ukuta, midomo ya kijivu, na kila mtu mle ndani akajua hakuna kurudia.

Basi Neema ana kitu ndani ya kompyuta anakiita kompresa. Si ile ya kujaza upepo matairi, nilishauliza, nikachekwa. Hii sauti ikipanda sana inaikandamiza, kisha yeye anainua zote kwa pamoja, hapo mnong'ono na kelele vinakaribiana. Petro, mtoto mkubwa wa Kasanda, akataka wimbo uvume kwenye spika za harusi.

"Bana, dada! Bana zaidi!"

Neema akabana. Ule mwanzo wa chini ukatoka mkubwa sawasawa na kishindo, na kila ngoma ikigonga, waitikiaji wanazama kama wamekanyagwa. Kasanda akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hawa si wapagazi. Hawa wamepanda basi la Igunga."

Neema akalegeza. Akaacha kishindo kiwe kishindo, akabana kidogo sauti ya Kasanda peke yake, ili ule mwanzo usipotee. Kweli mzee akasikika vizuri. Lakini kila kilichokuwa karibu naye kikapanda pia. Katikati ya mistari, mahali anapovuta pumzi, nikajisikia mimi, wazi kabisa:

"Kaa wima, Mnyamwezi mvivu. Babu yako alibeba pembe mpaka Pwani, wewe pumzi yako mwenyewe inakushinda?"

Nilikuwa namnong'oneza asianguke, dada. Nilidhani ni maneno yangu na yake tu.

Petro akanigeukia. "Baba mdogo, umemtukana baba kwenye wimbo wake wa mwisho?"

"Mtoe basi," wadogo zake wakamwambia Neema.

"Siwezi. Mzee Shomari amesemea juu ya pumzi. Nikimtoa yeye, pumzi inaondoka, na mstari unaofuata unaanza kama mtu aliyesukumwa. Labda arudie..." Akamtazama Kasanda, akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Basi tufute wote," akasema Petro. "Sitawapa wanangu matusi."

Nikainamisha kichwa. Kasanda ndiye aliyeinua mkono.

"Mwacheni. Nisipotukanwa na Mzaramo, wajukuu watadhani nilikufa ugenini." Akapumzika kidogo. "Ila mpunguze. Hajui kuimba."

"Hakuwa anaimba, babu," akasema Neema.

"Ndiyo maana."

Nikatoka nje kujifanya natafuta kiberiti, na sigara niliacha zamani.

Unaniuliza narudi lini. Dada, Mzaramo aliyebaki mtaa huu ni mimi tu. Wanawe wanampa heshima kutwa nzima, na heshima inamchosha. Nikipanda treni leo, nani atamtukana? Kila baada ya alasiri naenda kukaa kitandani pake, namwambia sura yake imekuwa kama kiazi kilichosahauliwa shambani. Zamani angenirudishia kwa mama yangu na bibi yangu. Jana alicheka kwa mabega tu, sauti haikutoka. Nikasema nitakuja tena kesho kumalizia.

Nisalimie shemeji, mwambie mswaki aliouacha kwangu bado naufukuzia mende. Nisalimie shangazi, na umwombe dua zake zile ndefu, safari hii sitacheka. Na mpwa wangu seremala, anayenichongea kitanda cha kulalia nikija, mwambie asiharakishe.

Mdogo wako asiyezeeka mdomo,
Shomari