Mtoto Haandikwi Mpaka Aketi

Jumatatu, mwezi wa Julai. Kariobangi.

Baridi ya leo ni ile ya kumkatalia mtu kutoka kitandani. Mawingu yameshuka mpaka kwenye paa za maghorofa, nguo nilizoanika Ijumaa bado zina unyevu, na mimi sijafungua kibanda. Wateja wa ndoo na beseni watanisamehe. Kuna jambo nataka kuliandika likiwa bado moto, kwa sababu najijua, nikishaanza kuuza sitaliandika tena.

Jana Baba aliandika jina kwenye Biblia ya nyumbani.

Kwetu hiyo si habari ndogo. Baba alifanya kazi kanjo, baraza la jiji, miaka mingi, akiandika mabango kwa brashi: majina ya zahanati, majina ya masoko, na ile amri ya kutotema mate ambayo hakuna aliyewahi kuitii. Alistaafu kabla mashine za kuchapisha mabango hazijaja kuimaliza kazi yenyewe. Lakini kazi aliyoipenda zaidi aliifanyia mezani kwake, kwenye kurasa tupu za mwanzo wa Biblia kubwa ya familia. Kila mtu wa nyumba ile ameandikwa pale. Herufi ya kwanza ya jina lake ni kubwa kama kiberiti, imetiwa rangi, na ndani yake kuna kitu kimoja kutoka siku aliyozaliwa.

Mimi ni Nasimiyu, na kwenye N yangu kuna mtungi mtupu chini ya jua, maana nilizaliwa kiangazi na mfereji wa mtaa ulikuwa umekauka. Kwenye W ya ndugu yangu Wafula kuna kiatu kimoja cha Baba. Kingine kilichukuliwa na maji ya mvua akikimbia kutafuta teksi. Binti yangu Nekesa ana hindi la kuchoma, na ukimuuliza atakuambia ndilo zuri kuliko yote.

Sharti ni moja, na ni la Mama. Mtoto haandikwi mpaka aketi mwenyewe bila kushikiliwa. Akishaketi, Jumapili inayofuata anawekwa kwenye mkeka mbele ya meza, na mtu aliyekuwepo alipozaliwa anasimulia siku ile ilivyokuwa. Baba anasikiliza, anachagua kitu kimoja, anachora. Majirani huona kama mchezo wa wazee. Sisi hatupumui mpaka wino ukauke.

Jana ilikuwa zamu ya Naliaka, binti wa Wafula, mwenye miezi saba na mashavu ya kuuzwa kwa kilo. Walikuja naye kutoka Kware wakiwa wamemvika kofia mbili. Wafula ndiye aliyesimulia: mke wake alivyoshikwa na uchungu stima zikiwa zimepotea, wakashuka ngazi kutoka orofa ya saba, na katika kila orofa jirani akitoka na simu yake kuwamulikia. Baba akachora ngazi.

Ilimchukua karibu saa nzima. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Daktari amempa vidonge, na Baba hushika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemzuia mbuzi. Alipomaliza aliweka brashi chini, akajipangusa uso.

"Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Mkono umestaafu. Wengine mtawaandika na biro."

Wakacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Nina mtoto ambaye hayumo mle ndani.

Anaitwa Barasa. Alizaliwa miaka kumi na mitatu iliyopita. Mama ndiye aliyempa jina, kwa sababu siku ile Baba alikuwa kwenye baraza la chifu kuhusu maji ya mtaa. Aliishi siku kumi na tisa. Hakuwahi kuketi. Hakuwahi hata kuinua shingo. Tulipomzika, wageni waliniambia Mungu atakupa mwingine, kana kwamba nimevunja kikombe. Mungu alinipa Nekesa na ninashukuru, lakini Nekesa hakuja kuziba nafasi ya mtu. Tangu mwaka ule sijasikia jina la Barasa likitajwa nyumbani kwa wazazi wangu.

Na hapa lazima niseme ukweli. Nimekuwa na hasira na Mama miaka kumi na mitatu. Sharti ni lake, na kichwani mwangu yeye ndiye aliyemfungia mwanangu nje. Kila mtoto wa nyumba ile anapoandikwa, mimi huja na chapati, hupiga makofi, kisha hurudi kwangu nikafua nguo zilizo safi.

Nimeyaandika hayo na hakuna kilichoanguka. Naendelea.

Niliona Baba akifunika vikopo vya rangi. Cha bluu, cha kijani. Nikajua kikifunikwa cha mwisho, ndiyo basi. Biblia itarudi kabatini na Barasa atabaki nje milele, kwa sababu mimi nilikaa kimya kwa heshima.

"Baba, usioshe brashi kwanza. Kuna mmoja amebaki."

Wafula alielewa papo hapo. "Sista, tafadhali. Si leo. Leo ni siku ya mtoto."

Hakuwa na ubaya. Mke wake alikuwa amempakata mtoto wa miezi saba, na sisi tunaogopa kutaja kifo mbele ya mtoto mchanga, kana kwamba kitasikia kikageuka. Niliona aibu. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Hakuketi," Mama akasema. Alikuwa anaangalia kikombe chake cha chai, si mimi.

"Najua, Mama. Lakini alizaliwa."

Sijui nilitoa wapi sauti hiyo. Mama akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Unafikiri ni wewe peke yako? Wangu wawili hawamo humo. Walikuja kabla yako. Hawakuketi, hata majina hawakupata. Mama mkwe aliniambia tusiwe tunaandika haraka, tusije tukafuta. Na mimi nikawawekea nyinyi sharti hilohilo."

Nina miaka thelathini na tisa. Sikuwahi kujua. Nimemsaidia mwanamke yule kumenya viazi maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba kabla yangu kulikuwa na wawili.

Naliaka akatupa kijiko chini. Hakuna aliyekiokota. Ile hasira niliyoilea miaka yote ikanitoka hivihivi, nikabaki na huzuni tu. Mama akainuka akaenda jikoni. Tukasikia maji yakifunguliwa, sufuria zikigongana. Nikajua nimeharibu siku ya mtoto wa watu na nimemuumiza mama yangu, yote kwa sentensi moja.

Lakini Baba hakufunika kopo la mwisho. Alifunua kurasa nyuma mpaka penye jina langu, akaweka kidole kati ya jina langu na la Nekesa, mahali padogo, akapapima. Halafu akaniuliza swali lilelile analomuuliza kila mtu.

"Siku hiyo ilikuwaje?"

Watu wengi wameniuliza Barasa alikufaje. Wengine wameniuliza mpaka nikawachukia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza alizaliwaje.

Nikafungua mdomo na nikakuta nina kidogo sana. Nikasema ilikuwa asubuhi. Nikasema mvua ilikuwa inanyesha, nilisikia kwenye mabati ya wodi. Nikasema nilichoka, nililala. Nikaishiwa.

"Mvua ilikuwa ya usiku," sauti ya Mama ikatoka jikoni. "Asubuhi palikuwa pakavu."

Akaja akasimama mlangoni, mikono ina povu. "Mimi nilikuwepo. Wewe walikuwa wanakushona. Nilikuja na uji kwa ile flaski nyekundu, kifuniko kilikuwa kimepotea nikafunika na kitambaa. Wakanipa mtoto nikiwa bado nimeishika. Akafungua macho, akaiangalia hiyo flaski kama mtu anaijua. Nesi akacheka, akasema huyu amekuja na njaa yake."

Mama akacheka pia. Kisha akajifunika uso kwa aproni, na mabega yake yakaendelea kutikisika, na hakikuwa kicheko tena. Niliinuka nikamshika. Alinuka sabuni na vitunguu. Alikuwa ameyaweka macho yale ya mwanangu miaka yote hii, na mimi sikuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameruhusiwa kuuliza.

Baba akachora flaski.

Haikutoka vizuri. Mtu aliyekuwa akiandika herufi za urefu wa mlango bila rula, jana alishindwa na mstari wa urefu wa kidole. B ile imepinda mgongo. Nyekundu imevuka mpaka, na flaski yenyewe inafanana na debe la mafuta ya taa. Wafula aliitazama akasema, "Mzee, hiyo si ni jerikeni?" na Baba akacheka mpaka brashi ikaacha nukta mahali isipotakiwa. Halafu akakasirika, akachukua wembe ili aikwangue aanze upya. Nikamshika mkono. Nikauhisi ukitetemeka ndani ya wangu.

"Iache hivyo, Baba."

Akaiacha. Akamalizia jina, na chini yake tarehe mbili, zinazokaribiana sana. Hatukupumua mpaka ikakauka.

Kisha akamgeukia Mama. "Na wako?"

"Utaandika nini?" Mama akasema. "Hawana majina." Akarudi kwenye sufuria zake.

Hilo sijui la kulifanya. Nimelifikiria tangu jana na bado sijui. Alhamisi nitaenda kumsaidia kuchambua kunde, na tukiwa wawili tu nitamuuliza siku zao zilikuwaje. Akitaka kunyamaza, nitachambua kunde.

Jioni nilimpigia Baba Nekesa simu. Alikuwa zamu kiwandani, kelele za mashine nyuma yake. Nikamwambia Barasa ameandikwa. Akasema asante. Akauliza Baba amechora nini, nikamwambia, akasema tena asante.

Kuna mtu mmoja sijasema kwamba alikuwepo. Nekesa alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi muda wote huo. Ana miaka tisa. Sikuwahi kumwambia. Mtaa mzima unaniita Mama Nekesa, na yeye amekua akijua kwamba ndiye wa kwanza, na sasa ameona kwa macho yake mtu mwingine akiandikwa juu ya jina lake. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alinishika mkono, ingawa siku hizi anasema kushikwa mkono ni kwa watoto. Alifanya kazi yake ya shule, akala, akaenda kulala. Nilikaa nikingojea swali, na nilikuwa nimetayarisha majibu kama manne, yote mabaya.

Swali lilikuja leo asubuhi. Alikuwa amechuchumaa mlangoni anafunga kamba za viatu, hakuinua hata uso.

"Mum, Barasa angekuwa gredi gani saa hii?"

"Ya nane," nikasema, kabla hajamaliza fundo. Sikuhitaji kuhesabu. Sijawahi kukosa kuhesabu, hata mwaka mmoja.

Akavuta kamba ya pili, akafikiri kidogo.

"Basi mwakani angeenda ya tisa."

"Ndiyo," nikamwambia. "Mwakani ya tisa."