Mate ya Athmani

Manchester, Uingereza
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mamangu,

Shikamoo. Naanza na goti lako la kushoto, maana najua ukiulizwa hali utajibu "alhamdulillahi" hata kama hukulala kwa maumivu. Na vidonge vya presha wavimeza, au vimekaa kabatini kama pambo? Mimi mwili mzima. Baridi ya huku siilalamikii tena.

Nisamehe kwa ile simu ya Alhamisi. Uliitwa dukani kwa Bwana Omari ukaja mbio na goti hilo, nikakusikia unavyohema, nami nikakuuliza kama mvua imenyesha Likoni. Ukasema, "Mvua? Swaleh, umenipigia simu toka Ulaya uniulize mvua?" Nikacheka, nikakata. Mama, sikupiga kuuliza mvua. Nilikuwa na neno, likanishinda kulitoa. Leo naliandika.

Najua barua hii wasomewa na Mwanajuma. Tangu macho yako yaanze ukungu, dadangu ndiye msomaji wako na mwandishi wako. Hata alipokuwa kwa mumewe Chaani alikuwa akivuka kuja kukusomea. Barua yako ya mwisho pia ni yeye aliyeiandika. Ulimwambia aandike kwamba amerudi nyumbani, kwamba amepimwa, kwamba ana ugonjwa ule ule uliomchukua ndugu yetu Athmani. Akaandika. Kisha ukamwambia aandike hivi: "Usiwe na wasiwasi, tumemtengea sahani yake na kikombe chake, hali pamoja nasi, kama ulivyotufundisha." Akaliandika na hilo pia, kwa mkono wake mwenyewe, mstari umenyooka, hakufuta hata herufi.

Mwanajuma, mdogo wangu, najua sauti inayosikika hapo chumbani sasa hivi ni yako. Usiruke neno. Msomee Mama kama nilivyoandika.

Mama, mrudie Athmani kidogo. Mrudie kabla hajaugua, alipokuwa mpishi kule hotelini Shelly Beach. Siku yake ya mapumziko hakuwa akipumzika. Alikuwa akiingia jiko la jirani yeyote, bila hodi, achukue mchuzi kwa mwiko, autie kiganjani, aurambe, aseme, "Ndimu, Bi mkubwa. Tia ndimu." Na hakuna aliyemkasirikia. Wengine walikuwa wakimwita makusudi.

Aliporudi nyumbani mwaka wa tisini na moja, ngozi imeshika mfupa na mdomo umejaa utando mweupe, wewe ulimpikia uji wa mchele kwa tui. Ulikuwa wauonja kwanza usimchome, kisha wamtia kinywani kwa kijiko hicho hicho, na kilichobaki walamba wewe. Nilikuwa nikiwaona. Mlikuwa kama mama na mtoto wa miezi sita, na Athmani alikuwa na miaka thelathini na moja.

Wakati ule mimi nilikuwa msaidizi wa zahanati kule Changamwe, na nilikuwa nimemposa Saida wa Kisauni. Wazee wake walikuwa waje kwetu Ijumaa. Jumatano yake zahanati ikanituma semina ya Ukimwi. Aliyetufundisha alikuwa muuguzi, mama mnene wa kutoka bara. Alikuja na kijana mgonjwa, akamketisha mbele yetu, wakaletewa chai. Kijana akanywa nusu. Yule mama akakichukua kikombe kile kile, akaimaliza chai iliyobaki, akatugeukia. "Mmeona? Kikombe hakiambukizi. Sahani haiambukizi. Kushikana mkono hakuambukizi. Semeni!" Tukasema sote. Mimi nilisema kwa sauti kuliko jirani yangu.

Nikarudi nyumbani nikakukuta wamlisha. Nikakupokonya kijiko. Nikasema, "Mama, wataka kufa? Mate yake yana ugonjwa! Mtengee vyombo vyake. Tumesomeshwa leo."

Ukaniuliza, "Wallahi, Swaleh?"

Nikasema, "Wallahi."

Athmani hakugomba. Alinitazama, kisha akaniuliza polepole, kwa sababu kusema kulimuuma, "Mumesomeshwa hivyo?"

"Ndiyo."

"Haya. Mama, nipa ile sahani ya plastiki basi."

Nilijua, Mama. Hilo ndilo neno nililoshindwa kukwambia kwa simu. Sikukosea wala sikusahau. Nilikuwa nimefundishwa kweli asubuhi, na magharibi haijaingia nikaapia uongo mbele yako na mbele yake. Niliona haya wazee wa Saida wamkute Athmani kwenye sinia moja nasi. Nilitaka akae nyuma uani siku ya Ijumaa, na sikuwa na uso wa kumwambia ndugu yangu jambo kama hilo, nikaisingizia elimu. Wewe hukusoma, ulinisomesha mimi, ndiyo maana ukaniamini.

Wageni wakaja, wakala, wakasifu pilau. Pilau ile ni Athmani aliyekuelekeza kutoka kitandani bila kuigusa. Kisha wakapata habari njiani tu, kwa watu, na posa ikavunjika mwezi ule ule. Athmani akaishi wiki tisa baada ya siku ile. Wiki tisa wamwekea chakula chini, wasogea nyuma, machozi yakutoka, kwa ajili ya neno langu. Majirani wakauliza, ukawaambia, "Swaleh asema, na Swaleh ni mtu wa zahanati." Nao wakaacha kuja. Siku za mwisho hakuwa akiomba hata maji. Tulisema ni ugonjwa. Mimi sina hakika.

Sasa nikwambie kilichonifungua mdomo. Nimekwambia siku zote kwamba huku naosha vyombo, ukadhani ni hotelini. Naosha vyombo vya vioo katika maabara ya chuo, na hapo wanachunguza virusi hivyo hivyo vya Ukimwi. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa utauliza maswali.

Mkubwa wetu ni daktari mwanamke, Daktari Ann. Mwezi uliopita alitugawia vichupa akatuomba sisi wafanyakazi tuteme mate ndani. Nikamuuliza ya nini. Hakunidharau. Aliniketisha akanieleza, nami nakueleza nilivyoelewa.

Anasema mwili una walinzi wa aina mbili. Wako wanaojifunza adui baada ya kupigana naye, na wako tunaozaliwa nao, wasiongoja kufundishwa. Hawa wa kuzaliwa nao wengi wamewekwa milangoni: ndani ya mdomo, puani, kooni, kwenye njia ya uzazi, kila mahali penye ngozi laini yenye unyevu. Ni vijiprotini vidogo sana, vimo ndani ya mate, machozi, kamasi, na maziwa ya mama. Vingine huvitoboa vijidudu. Vingine huvinyima madini ya chuma vinayohitaji. Na kimoja kilichomo kwa wingi katika mate hakivigusi virusi vyenyewe, bali huikinga chembe hai ya mwili wetu, virusi vikija vishindwe kuingia. Anasema hiyo ni moja ya sababu watu hawaambukizani Ukimwi kwa mate.

Nikamuuliza, "Mate? Haya haya tunayotema?"

"Haya haya."

"Hata ya mgonjwa?"

Akasema, "Hata ya mgonjwa yana walinzi hao. Virusi hupatikana humo kwa shida."

Nikainuka nikaenda stoo ya maboksi, nikakaa sakafuni. Akaja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimekumbuka mtu. Kwani ningemwambia nini? Kwamba kile kitu nilichomtangaza nacho ndugu yangu kuwa sumu, Mola alikuwa amekitilia kinga ndani yake? Ningekuwa sikujua, ningelia nikanyamaza. Lakini hata bila Daktari Ann nilikuwa nimeshaambiwa na yule mama wa semina. Siku mbili baadaye barua yako ikafika, na maneno yale, "kama ulivyotufundisha".

Mama, tafadhali lielewe na hili, wala lisigeuzwe huko mitaani. Mate si dawa, na walinzi hao hushindwa. Mwanamume na mwanamke wakikutana, virusi hupita. Damu huvipitisha. Hata maziwa ya mama, pamoja na walinzi waliomo, mtoto huweza kuambukizwa nayo. Ukimwosha Mwanajuma kidonda au damu, vaa glovu, ukizikosa jifunge mfuko wa plastiki mkononi, kisha unawe kwa sabuni. Hayo ndiyo ya kuchukua tahadhari. Lakini kula naye, kunywa naye, kumkumbatia, kumfulia, kulala naye kitanda kimoja akiogopa, hayo hayana neno. Mara hii siapi, maana kiapo changu unakijua kilivyo. Mwite muuguzi wa zahanati ya hapo, mwulize mbele ya watu. Kisha waambie majirani wote uliowaambia wakati ule. Waambie Swaleh aliwadanganya. Usinisitiri.

Nimeomba ruhusa kazini. Inshallah nitafika kabla ya Ramadhani. Sitaki nipokewe. Kwa Athmani sina pa kuombea msamaha ila kaburini, na kaburi halijibu. Kwako naomba, na ukiniambia huwezi kusamehe, nitakaa kibarazani, nitateka maji, nitafua, nitakuwa mwanao vilevile.

Nisalimie shangazi aliyeko Frere Town, mwambie dawa yake ya pumu nitakuja nayo. Nisalimie Bi Rehema jirani yetu mshonaji, ambaye ndiye peke yake aliyeendelea kuingia chumbani kwa Athmani huku mimi nikimwonya. Mwambie alikuwa na haki. Nisalimie Bwana Omari, umshukuru kwa kukuita kwa simu isiyo na maana.

Na wewe, Mwanajuma. Sikukuandikia barua yako mbali kwa sababu nilitaka Mama asikie sauti yako ikisoma haya, wala si yangu. Huenda hilo nalo ni kosa. Huenda nimekutwika mzigo wangu siku ambayo hata wako ni mzito. Ulikuwa na miaka kumi na tisa Athmani alipokufa, ukanitii ukaacha kuingia kwake. Nalijua na hilo. Mama atakapokuambia cha kunijibu, kiandike. Kisha geuza karatasi, upande wa pili uandike chako wewe, usimsomee mtu. Hata kama ni matusi. Nitayasoma yote.

Mtoto wako, Mama, na kaka yako, Mwanajuma,

Swaleh