Mutuka ya Kaka Yangu

Mujukuu wangu Espérance,

Salamu zetu zikufikie huko Bruxelles. Hapa Kisangani mvua haituachi. Mama yako bado anakohoa, lakini anakula.

Unasema huko Ulaya mutuka ndogo za mbio za zamani, zile za mulango mukubwa nyuma, zinapanda bei kila mwaka zikiwa zimetunzwa. Kisha unauliza: yetu nyekundu imebaki mupya namna gani?

Ilikuwa ya kaka yangu mukubwa. Alipovuka muto kwenda Lubunga kupanda treni ya Ubundu, alinipa ufunguo pale kivukoni. Nilikuwa kijana kama wewe. Akacheka: «Mudogo yangu, nikirudi nisikute hata mukwaruzo, ee!»

Hakurudi. Habari za safari ile niziache.

Mama yetu aliifunika turubai. Kila Jumapili aliipangusa, na hakukubali mutu asogeze kiti cha dereva. Kiko nyuma kabisa, kwa miguu mirefu ya kaka. Mama alipokufa, kitambaa nikakishika mimi.

Bon, tafuta mununuzi ukitaka. Akiisifu kwamba haijatembea, usimubishie. Ila kile kiti akisogeze yeye mwenyewe. Mimi siwezi.

Koko yako