Nguzo Uliyoigonga Kila Asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kukuandikia bila salamu, hukunilea hivyo.

Nakuarifu kwa heshima kwamba nimehitimu chuo cha ualimu. Cheti nilikileta nyumbani ili ukishike kwa mikono yako. Nikakuta kaburi.

Matanga hayajaisha, Baba Mkubwa Masanja akaja na kuku mweupe kwapani. Alitaka tumpeleke kwa mfumu, yule mpiga ramli, ampasue, asome matumboni mwake ni nani aliyekuua. Hakutaja jina. Ila alimtazama dada yako, Shangazi Kabula, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia. Shangazi akajikunyata mlangoni. Baba, unajua huku kwetu macho mekundu huitwa ya mchawi, na mtazamo wa namna ile huishia wapi.

Nilisimama nikatoa hotuba niliyoiandaa kwa uangalifu, juu ya elimu na maendeleo. Baba Mkubwa akapiga miayo.

“Msomi, amekufa kwa kifua, sawa. Kifua hicho kilitumwa na nani?”

Ndipo nikachukua Biblia yako, nikaifungua penye unyoya wa kanga uliouweka ulipokomea, nikasoma sura iliyofuata, kama ulivyotusomea kila jioni, bila kuchagua. Ilikuwa habari ya yule aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye Bwana anajibu kwamba si yeye, wala si wazazi wake.

“Rudia hapo,” akasema Masanja. Nikarudia.

Nilikukumbuka, Baba. Katika mgodi kule Geita, kila asubuhi uligonga kwa nyundo kila nguzo ya mti iliyozuia mwamba na kusikiliza kabla ya kupita chini yake, hata ile uliyoisimamisha mwenyewe jana yake. Siku moja nilikuuliza kwa nini usome kila siku kitabu ambacho umekwisha kukiamini. Ukacheka: “Mwanangu, nguzo ninayoiamini ndiyo ninayoigonga. Na hiki, tangu nianze kukigonga, hakijanipa mlio wa kitu kilichooza.”

Baba Mkubwa akamtazama kuku wake. “Sasa huyu je?”

Shangazi akampokea, akamchinja, akateleka chungu. Na Masanja, Baba, alikula kutoka chungu kile. Akaomba na mchuzi.

Pumzika, Baba yangu. Unyoya nimeusogeza, na nakuahidi hautakaa mahali pamoja siku mbili. Kesho ni sura ya kumi. Shangazi ameniamuru nisianze kabla hajaketi.

Mwanao akupendaye.